Sikio la Gari na Sikio la Duka

Mhadhara wa wazi uliotolewa Mutanga Nord, Bujumbura



 

Waandaaji waliniomba nieleze kwa nini redio zinatuchosha kwa nyimbo zilezile. Mada nimeipokea kwa mikono miwili. Swali nimelikataa, kwa kuwa limekwisha kuhukumu kabla shahidi hajaitwa. Katika mji huu wapo watu wanaopiga simu studio kuomba wimbo uliomalizika dakika ishirini zilizopita. Wapo pia wanaozima redio wimbo huohuo unapoanza tu. Nimekaa muda mrefu nyuma ya meza ya studio, nimewapokea wote kwenye simu, na siwezi kusema kundi moja lina masikio mabovu. Ninachotaka tuchunguze jioni hii ni hiki: wimbo unapopangwa urudi mara saba au nane kwa siku, ni sikio la nani lililohesabiwa, na lilihesabiwa likiwa wapi.

Nitaanzia mbali, Marekani, kwenye redio za muziki wa kantri. Huko kurudia wimbo kuligeuzwa kuwa hesabu yenye wataalamu wake, kampuni zake na mishahara yake, na redio za kantri ziliifuata hesabu hiyo kwa utiifu ambao aina chache za muziki zimewahi kuufikia.

Na kantri si mgeni kwetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika kwa Wakipsigis huko Kapkatet, magharibi mwa Kenya, akarekodi nyimbo zilizobeba jina la Chemirocha. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyefariki mwaka 1933, jina lake likiwa limepita katika ndimi za Kikipsigis. Santuri zake zilifika huko pamoja na gramafoni, zikachezwa na kuchezwa tena, mpaka wasichana wakamtungia wimbo wao wenyewe na kumwaza kama kiumbe nusu mtu nusu swala. Hapakuwa na mkuu wa vipindi aliyeamua. Santuri zilikuwa chache, basi. Miaka miwili baadaye Tracey huyohuyo alipita huku kwetu, Ruanda-Urundi ya wakati ule, na mashine yake ya kurekodia. Baada ya gramafoni ikaja redio, ikatuletea Jim Reeves, akafuata Don Williams, ambaye mwaka 1997 alikwenda kuimba Harare mbele ya watu waliojua nyimbo zake kwa moyo, akafuata Kenny Rogers. Nairobi wana Sir Elvis, Mkenya anayeziimba nyimbo hizo na kujaza ukumbi. Hapa Bujumbura mtu wa rika langu akisikia sauti ya Kenny Rogers hahitaji kutajiwa jina. Jiulizeni tulijifunzaje sauti hiyo, sisi ambao wengi wetu Kiingereza kilitupita kando. Tulirudiwa.

Sasa turudi kwa Wamarekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika mji wa Omaha, kijana mmoja aitwaye Todd Storz, ambaye familia yake ilikuwa imenunua stesheni ya KOWH mwaka 1949, alikaa baa akitazama watu wanavyotumbukiza sarafu kwenye mashine ya muziki. Mashine ilikuwa na nyimbo kadhaa, watu wakachagua zilezile chache. Baa ilipokaribia kufungwa, mhudumu wa kike, aliyezisikia nyimbo hizo kutwa nzima, akatoa sarafu kutoka bahashishi yake mwenyewe na kuchagua wimbo uleule. Simulizi hii ina matoleo mengi na kila mzee wa redio wa kule ana la kwake, kwa hiyo msiibebe kama hati ya mahakama. Lakini Storz alitenda kulingana nayo: akapunguza orodha ya nyimbo, akazirudia, na stesheni yake ikapanda. Waliomwiga wakaenea nchi nzima.

Mimi humfikiria zaidi yule mhudumu. Wote wanamtumia kuthibitisha kwamba watu wanapenda kurudiwa, na huenda ni kweli. Hakuna aliyemuuliza kwa nini alichagua wimbo ule. Labda aliupenda. Labda alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huchukua kilicho karibu.

Redio za kantri ziliingia katika mchezo huu zikiwa zimechelewa kidogo. Kabla ya hapo kantri ilikuwa ya vipindi vya jukwaani, kama Grand Ole Opry ya stesheni ya WSM, Nashville, iliyoanza mwaka 1925, ambako wanamuziki walipiga moja kwa moja mbele ya hadhira. Chama cha wanamuziki na wafanyabiashara wa kantri kilipoundwa mwaka 1958, kazi yake kubwa ilikuwa kuwashawishi wenye stesheni wapige kantri tangu asubuhi hadi usiku. Mwaka 1961 zilikuwepo stesheni 81 za namna hiyo; muongo ulipokwisha zilipita 600. Stesheni nyingi hivyo haziwezi kuendeshwa kwa hisia za mtangazaji mmoja mmoja. Zilihitaji utaratibu, na utaratibu uliopatikana ulikuwa ule wa Storz uliotiwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na naomba tuifanye pamoja. Stesheni inapiga nyimbo 12 kwa saa. Imetenga kundi la juu la nyimbo 6, vibao vya wakati huo, na kila saa inachukua 2 kutoka kundi hilo. Kila kibao kitarudi baada ya saa 3, yaani mara 8 kwa siku, mara 56 kwa wiki. Mtangazaji anayekaa studio saa nne kila siku ataanza kuuchukia wimbo kabla mwezi haujaisha. Lakini msikilizaji aliyefikiriwa na watunzi wa hesabu hii yumo ndani ya gari: dakika 20 kwenda kazini, dakika 20 kurudi. Dakika 40 katika mzunguko wa dakika 180 zinampa nafasi ya kuusikia wimbo huo, kwa wastani, mara moja na kidogo kwa wiki ya siku tano za kazi. Stesheni imeupiga mara 56, yeye pengine ameusikia mara moja, na anashangaa kwa nini hawaupigi zaidi. Ndiyo maana wakuu wa vipindi wa kule huwaambia watangazaji: ukianza kuchoka wewe, msikilizaji ndiyo kwanza anaanza kuujua.

Kuna ufundi ndani ya ufundi hapa, nao hunifurahisha. Nyimbo 6 ni idadi mbaya. Saa 24 zinagawanyika kwa 3 bila kubaki, kwa hiyo kibao kinachopigwa saa moja asubuhi leo kitapigwa saa moja asubuhi kesho na kila siku. Mwenye kuendesha gari saa hiyo atausikia wimbo mmoja mwaka mzima na mwingine hatausikia kamwe. Ongeza wimbo mmoja, ziwe 7, na kila kibao kinarudi baada ya saa 3 na nusu. Sasa kesho kitachelewa nusu saa, keshokutwa saa nzima, na baada ya wiki kitakuwa kimepita katika saa zote za mchana na usiku. Kwa kuongeza wimbo mmoja tu umemfikia kila mtu. Zamani mambo haya yalifanywa kwa kadi ndani ya visanduku, mtangazaji akichomoa ya mbele na kuirudisha nyuma. Mwaka 1979 Andrew Economos alianzisha kampuni iliyotengeneza programu ya kompyuta iitwayo Selector, na tangu hapo mashine ndiyo inayopanga: msanii huyu asirudi kabla ya muda huu, nyimbo mbili za polepole zisifuatane, na kadhalika.

Nani anaamua wimbo uingie kundi la juu? Hapo ndipo utafiti wa muziki ulipoingia, tangu miaka ya 1970. Njia ya kwanza ni simu. Mtu anapigiwa nyumbani, anachezewa vionjo vya sekunde chache, ile sehemu ya wimbo inayonasa, na baada ya kila kionjo anaulizwa maswali matatu: unaujua? unaupenda kiasi gani? umekwisha kukuchosha? Njia ya pili ni ya ukumbini. Watu wapatao mia moja wanakusanywa, wanalipwa kidogo, na jioni moja wanasikilizishwa vionjo vya mamia ya nyimbo huku wakitia alama kwenye karatasi. Nyimbo za zamani hupimwa huko, kwa sababu simu haiwezi kubeba orodha ndefu hivyo.

Swali la tatu, la kuchoshwa, ndilo lenye dhahabu. Wimbo unaweza kupendwa na kuchosha kwa wakati mmoja, kwa mtu yuleyule. Ulizeni watu hapa kuhusu wimbo wowote wa harusi. Mkuu wa vipindi hodari haondoi wimbo kwa sababu watu wamesema umechosha. Anaushusha kundi, unapumzika miezi kadhaa, unarudi kama rafiki aliyesafiri.

Mpaka hapo ningeweza kuwapongeza na kukaa chini. Lakini utafiti huu una tundu, na redio za kantri zimetuonyesha ukubwa wake. Anayepigiwa simu ni mtu ambaye tayari anasikiliza stesheni za aina hiyo. Aliyehama kwa kuchoshwa hayupo kwenye orodha ya namba. Kisha, kionjo cha sekunde chache humfaa aliyekwisha kuusikia wimbo. Asiyeujua atasema hapana, na hapana yake inaingia kwenye jumla kana kwamba ameukataa. Kwa hiyo wimbo uliopigwa sana unapata alama nzuri kwa kuwa umepigwa sana, halafu unapigwa zaidi kwa kuwa umepata alama nzuri.

Wanawake wa kantri walinaswa katika duara hilo. Mwezi Mei 2015, mshauri wa redio aitwaye Keith Hill aliliambia jarida la Country Aircheck, tena bila kuficha, kwamba stesheni inayotaka wasikilizaji ipunguze sauti za kike. Kwake yeye wanaume ndio majani ya saladi, wanawake ni nyanya za kupambia. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa na zilistahili. Hill alijitetea kwa takwimu za utafiti, na hapo ndipo pa kumshika. Jada Watson wa Chuo Kikuu cha Ottawa alizihesabu nyimbo zilizopigwa na redio za kantri za Marekani: mwaka 2000 nyimbo za wanaume zilipigwa takriban mara mbili ya zile za wanawake, mwaka 2018 zilikaribia mara kumi. Sikio lililolelewa kwa uwiano wa kumi kwa moja, ukiliuliza linapenda nini, litakujibu ulicholisha. Stesheni nyingi zilikuwa na kanuni isiyoandikwa kwamba wanawake wawili wasifuatane hewani. Wanaume sita wakifuatana, hakuna aliyehesabu.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 ilizidisha tatizo. Ilifuta ukomo wa idadi ya stesheni ambazo mwenye mali mmoja anaweza kumiliki nchini, na kampuni ya Clear Channel ikafikia kumiliki takriban stesheni 1,200. Meza moja ya utafiti ikawa inasikiliza kwa niaba ya miji mingi.

Nisije nikaeleweka kwamba kurudia ni hila ya wafanyabiashara. Ubongo wenyewe unashiriki. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc aliwaonyesha watu maneno ya kubuni, alama zilizofanana na maandishi ya Kichina, na picha za nyuso, baadhi mara moja, baadhi hadi mara 25. Kadiri walivyozoea kukiona kitu, ndivyo walivyokipenda, ingawa hawakujua maana yake. Elizabeth Margulis, ambaye mwaka 2014 alitoa kitabu kizima kuhusu kurudia katika muziki, alifanya jaribio la ujanja zaidi. Alichukua muziki mgumu wa watunzi Luciano Berio na Elliott Carter, muziki unaokwepa kujirudia kwa makusudi, akaukata na kubandika baadhi ya vipande viwili viwili. Wasikilizaji waliona matoleo yaliyobandikwa yanapendeza zaidi, na, hapa ndipo nilipocheka peke yangu, wakaona yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa yametungwa na binadamu badala ya kompyuta.

Na zaidi ya ubongo kuna jirani: tunavutwa na alichochagua yeye. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha jaribio lililofanywa kwenye intaneti na watu 14,341, nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Waliosikiliza bila kujua wengine wamechagua nini walitoa kipimo cha ubora wa kila wimbo. Wengine waligawanywa katika malimwengu manane tofauti, na ndani ya kila ulimwengu waliona nyimbo zipi zimepakuliwa zaidi. Wimbo mmoja, uliokuwa wa 26 kwa ubora, ulishika namba 1 katika ulimwengu mmoja na namba 40 katika mwingine. Wimbo uleule, watu wa aina ileile. Tofauti ilikuwa nani alitangulia kubonyeza.

Hapa Burundi kurudia ni jambo tulilolijua kabla ya waya wa kwanza wa redio. Mpiga inanga, ile ala yetu ya nyuzi, anayenong'ona huzungusha mkupuo mfupi wa nyuzi, tena na tena, na kwa sababu nyuzi zinarudi palepale, sikio linaanza kusikia mnong'ono ukiimba, wakati mnong'ono hauna noti. Cornelia Fales, aliyeuchunguza muziki huu kwa vipimo vya sauti, alionyesha kwamba wimbo huo unajengwa ndani ya sikio la msikilizaji. Bila kurudia, hakuna wimbo. Na ngoma zetu, zilizoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, zilikwisha kurudiwa na mashine za watu wengine zamani. Mwaka 1975 Joni Mitchell alichukua kipande cha ngoma za Warundi, akakiunga mwisho kwa mwanzo ili kizunguke chini ya wimbo wake mzima. Jalada liliwataja wapigaji kwa jumla, kama ngoma za wapiganaji wa Burundi. Yule aliyezungushwa hakuulizwa angependa kuzunguka mara ngapi.

Je, redio za ukanda wetu zilichaguaje? Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na njia yake: bendi ziliingia studio za redio yenyewe, redio ikarekodi, redio ikapima maneno, redio ikapiga. Hakukuwa na simu za kuuliza watu. Kulikuwa na barua na kadi za salamu. Nani asiyezikumbuka? Kwenye kipindi kama Ugua Pole, mgonjwa hospitalini alitajwa, kisha orodha ya ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, kisha wimbo. Mtu angesema kadi hizo zilikuwa utafiti bora: zilitoka kwa watu wenyewe, kwa hiari, kwa stempu waliyoilipia. Mimi nina shaka. Aliyetuma kadi alitaka majina yasikike. Wimbo ulikuwa gari la kuyabeba, na mtu hutuma mzigo kwa gari analojua litafika. Akachagua wimbo uliokwisha kupigwa. Mkuu wa vipindi akazihesabu kadi, akaona wimbo unapendwa, akaupiga. Bila kompyuta hata moja tukawa tumelijenga duara lilelile la kantri.

Kenya ilijaribu kulikata kwa amri. Machi 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa asilimia 75 ya muziki wake uwe wa Kenya. Roger Wallis na Krister Malm, waliotafiti muziki wa nchi ndogo na kutoa kitabu mwaka 1984, wameeleza jinsi agizo hilo lilivyodumu kwa muda mfupi tu kabla ya kuondolewa. Siwacheki Wakenya. Lakini amri inasema wimbo utoke wapi. Haisemi ni nyimbo ngapi, za nani, saa ngapi. Unaweza kutimiza asilimia 75 kwa nyimbo kumi.

Sasa tuje Bujumbura. Redio ya taifa tunaisikia kwa Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza. Zikaja za binafsi: Bonesha, RPA mwaka 2001, Isanganiro mwaka 2002, nyingine baadaye. Mei 2015 RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance na Rema zilishambuliwa na kuharibiwa. Isanganiro na Rema zikarudi hewani Februari 2016, Bonesha ikaruhusiwa mwaka 2021. Watu huzungumzia habari tulizozikosa, na ni haki yao. Mimi nataka kuongeza kwamba stesheni inayoanza upya huanza na muziki unaopatikana haraka, na unaopatikana haraka ni ule ambao tayari unapigwa kila mahali: uko kwenye flashi ya kila mtu, uko YouTube, umetoka Dar es Salaam, Lagos au Kinshasa. Nao wa kwetu mara nyingi huzunguka kabla ya kutufikia. Kidumu alihamia Nairobi miaka ya 1990, na vibao vyake vingi vilitufikia vikiwa vimezoeleka masikioni mwa Wakenya.

Utafiti wa muziki wa aina niliyoieleza, hapa hatuna. Tuna simu za wasikilizaji na ujumbe wa WhatsApp. Anayepiga ni mwenye vocha, mwenye chaji, mwenye nafasi mchana, na kwa uzoefu wangu wa studio mara nyingi ni mwanamume, mara nyingi ni yuleyule wa jana. Kuna pia bahasha, ambayo Marekani ilibidi waitungie sheria mwaka 1960 baada ya kashfa ya watangazaji waliolipwa ili wapige nyimbo. Za hapa nimezisikia nyingi, na sitazirudia. Zimesharudiwa vya kutosha.

Hata hivyo hesabu ya mzunguko tumeichukua, mara nyingi ndani ya programu iliyopakuliwa bure na mipangilio yake ya awali haijaguswa. Na hesabu hiyo, kumbukeni, ilitungwa kwa sikio la gari.

Hapa Mutanga Nord magari yapo. Miaka hii ya uhaba wa mafuta mengi yanakaa uani yamefunikwa turubai, na mwenye gari anashuka mjini kwa miguu na redio kwenye simu, au bila redio. Teremkeni sasa hadi Buyenzi. Fundi cherehani anafungua saa mbili asubuhi, anawasha redio, anaifunga saa kumi na mbili jioni. Hizo ni saa kumi nzima. Kwa ule mzunguko mzuri wa nyimbo 7, kila kibao atakisikia karibu mara tatu kwa siku, mara 17 kwa siku sita za kazi. Yule wa gari kule Marekani alikuwa na moja na kidogo. Kinyozi wa Bwiza, muuza vitenge wa soko la Ruvumera, mama wa mgahawa pale Cotebu, hao wote wana sikio la duka. Wanachokisikia kinamwagika hadi kwa wateja na wapita njia. Tunalalamika kwamba redio zinarudia kupita kiasi, na wakuu wa vipindi wanajibu kwa kutuonyesha karatasi inayosema wanarudia kidogo. Karatasi haisemi uongo. Inamzungumzia mtu mwingine.

Lakini msikimbilie kusema basi orodha iwe ndefu. Sikio la duka si la mtu mmoja. Mwenye duka anasikia mara 17, mteja anayeingia kununua sabuni anasikia mara moja, na huyo mteja ndiye anayecheza kidogo mlangoni wimbo wake ukianza. Mwenye duka anamwona akicheza, haibadilishi stesheni. Hili ndilo linalofanya kazi iwe ngumu, na sijui redio yoyote duniani iliyoandika kanuni ya msikilizaji anayevumilia wimbo kwa ajili ya mteja wake.

Ndiyo maana napendekeza utafiti wetu uanze dukani. Vijana wawili, simu moja yenye vionjo thelathini, daftari. Ulizeni mwenye duka peke yake na wateja peke yao, msichanganye majibu. Nendeni asubuhi na mrudi jioni, kwa sababu wimbo uliofurahisha saa tatu unaweza kuudhi saa kumi na moja. Ulizeni wanawake kwa idadi yao halisi sokoni. Katika vionjo hivyo tieni kumi ambavyo havijawahi kupigwa na stesheni yenu, vya Kirundi na vya Kiswahili, vya wanawake hasa, na jibu la "siujui" liwekwe safu yake, mbali na "siupendi". Zipigeni hewani nyimbo hizo zisizojulikana kwa wiki tatu, kisha rudini kwa watu walewale. Kama baada ya hapo wimbo umekataliwa, umekataliwa kweli. Mtakutana na bibi atakayesema hajui majina ya nyimbo na simu yenu haisikii vizuri. Mwimbieni. Ataweza kuwaambia kama anautaka, na mara nyingi atawasahihisha mlipokosea maneno.

Daftari la pili liwe la studio: kila wimbo, saa uliyopigwa, jina la mwimbaji na la mtunzi. Stesheni nyingi hapa haziandiki, au zinaandika jina la msanii tu, na programu inafuta rekodi yake kompyuta inapojaa. Bila daftari hilo hatuwezi kuwaonyesha wakuu wa vipindi wanapiga wanawake wangapi kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi. Na OBDA, ofisi yetu ya hakimiliki, haiwezi kumlipa mtunzi kwa mara alizopigwa ikiwa hakuna aliyezihesabu. Wimbo mmoja uliorudiwa mara 48 kwa wiki ni madai 48, na kwa sasa mengi ya hayo hayana hata mstari mmoja wa wino. Maswali ya vijana wa redio naomba yatangulie.